Kikombe cha Bi Mkubwa

Tarehe 4, mwezi wa tano

Mke wangu,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wanafamilia wote wenye akili timamu na wengine wawili wanaogombania rimoti, natangaza rasmi kwamba kikombe cha tano kimo safarini. Mnaweza kupiga makofi.

Usikunje uso, nakueleza. Unakumbuka ulivyotuletea vile vikombe vyeupe vya povu, vya chai ya kunywa na kutupa, ukatuambia mchezo wenu wa melini: kila mtu anachora chake, mnavitia kwenye neti, neti mnaifunga kwenye chombo kinachoshuka chini kabisa, na uzito wa maji unavibana mpaka vinarudi vidogo kama kastabini yangu ya kuvalia kidoleni. Wewe ukachora samaki. Mimi nikachora cherehani. Mkubwa wetu akaandika jina la timu yake, inayofungwa kila wiki, nikamwambia huko chini ndiko kunakoifaa. Kitindamimba akachora kitu alichoapa kuwa ni tembo.

Bi Mkubwa akakataa. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Mimi uso wangu hauteremshwi," akasema. "Mtu huenda chini mara moja tu."

Basi jioni ulipokwenda kumuaga dada yako, nilichukua kikombe kilichobaki nikamchora mwenyewe. Kilemba, mashavu, yale macho ya kuhesabu wageni wakati chakula ni kidogo. Chini yake nikaandika BI MKUBWA kwa kalamu ninayowekea alama vitambaa, ambayo haitoki hata ukiisugua na dua. Nikakipachika na vile vinne, nikavisukumia begini mwako. Akirudishiwa sura yake ya ukubwa wa kastabini atacheka mpaka meno yote yaonekane, na unajua anavyoyaringia: mama wa umri ule hana hata pengo, na mimi mwanawe natafuna upande mmoja.

Habari nyingine hakuna. Ile glasi yake ya chumbani ilianguka ikavunjika usiku wa kuamkia safari yako. Hakutaka mtu aingie kuzoa, amezoa mwenyewe, na hataki nyingine. Utu uzima.

Barua naikimbiza kwa watu wa boti la mboga linalokuja huko melini kwenu. Umesema simu ya setilaiti ni ya wataalamu na ya vifo tu, na sisi bado hatujafikia cheo chochote kati ya hivyo.

Fundi wako,
wa nguo na wa visa

*

Tarehe 6, mwezi wa tano

Baba watoto,

Boti la mboga halijafika, kwa hiyo naandika kama mtu anayeendelea kuongea na simu iliyokatika.

Tuko juu ya kilima. Ukitazama nje huoni kilima chochote, ni maji pande zote. Kiko chini yetu, kule ambako jua halijawahi kufika. Mimi nilizoea kwamba matumbawe ni kitu cha rangi rangi na cha mwanga. Haya ni meupe, weupe wa mfupa uliooshwa, na yamejikunja matawi kwa matawi kwenye giza. Yaliyo hai yamekaa juu ya yaliyokufa, na yaliyokufa juu ya mengine yaliyokufa, mpaka kikawa kilima. Profesa wetu amesema, "Hapo chini msitafute ardhi. Hapo ni ukoo tu."

Tunatazama bila kugusa. Ndiyo sharti la safari hii. Kazi yangu unaijua: nakaa mbele ya skrini nasema kinachoonekana, mwingine anaandika. Chumba hakina dirisha na kina baridi kwa ajili ya mashine, tumevaa makoti tumekaa kwenye benchi kama ndugu wanaosubiri kukabidhiwa maiti. Roboti inayoshuka tunaiita Punda, maana inabeba na inagoma. Anayeiongoza ni baba mmoja mnene tunayemwita Kidole, kwa sababu huiendesha kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika mkate.

Mambo mawili hayajanikaa vizuri. La kwanza, samaki hawakimbii. Taa inawafikia na wao wanabaki wima kando ya matawi, wanatazama, kama watu waliokuwa wakimsema mtu na huyo mtu akaingia. La pili ni sauti. Punda ana kifaa cha kusikiliza, na tukifika kwenye mgongo wa kilima kinaleta mlio wa kugonga: kut, kut-kut. Profesa anasema ni vijidudu vya magamba. Sawa, lakini kijidudu kingegonga ovyo. Hiki kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena, kama mtu anayejaribu mlango mmoja mmoja.

Vikombe vyenu nimevishusha. Nilivitoa begini vimepachikana, nikavitia kwenye neti pamoja na vya wenzangu bila hata kuvihesabu. Vimerudi kama kastabini, na nakutumia. Tazama cherehani yako, hata uzi upo. Kilichotoka ni hewa tu. Sura haibadiliki, inabanwa.

Jana Kidole alimsimamisha Punda ghafla. "Mama," akaniita, ananiita mama ingawa ananizidi miaka, "hebu angalia pale. Kile si kikombe?"

Kwenye ncha ya tawi, kidogo, cheupe, kimekaa wima. Upande mmoja kina weusi weusi.

"Kina uso," akasema.

Tukacheka. Mkondo ukamsukuma Punda, na alipogeuka kila tawi lilikuwa sawa na jingine.

Msalimie Mama. Mwambie nimeshika neno lake, sikuteremsha uso wa mtu.

Mkeo

*

Tarehe 13, mwezi wa tano

Fundi,

Boti limeleta karoti, kabichi na tangazo lako. Nimelisoma nimesimama, kisha nimelisoma nimekaa.

Vilivyopanda ni vinne. Neti nimeikagua mbele ya taa. Haina tundu, na fundo lilikuwa lile lile nililolifunga mimi. Wenzangu kila mmoja ana chake. Begi nimelikung'uta, imetoka pini ya nywele na risiti.

Kidole nimemuuliza bila kumwambia kitu: ule uso aliouona, ulikuwaje? Akawaza, akatafuna, akameza. "Wa mama mtu mzima," akasema. "Kama amejifunga kitu kichwani."

Najua unachokiwaza, maana na mimi nakiwaza. Acha, na mimi naacha. Ni povu la kunywea chai. Kikombe kimechomoka, mkondo umekiokota, basi. Ila Mama usimwambie.

Tumerudi mgongoni mwa kilima mara nyingi. Hatujakiona tena.

Mkeo

*

Tarehe 14, mwezi wa tano

Mama watoto,

Vikombe vimefika. Watoto wamevipanga juu ya televisheni na Kitindamimba anatoza wenzake pipi kwa kutazama. Cherehani yangu ni nzuri kuliko ninayoitumia. Ila ni vinne. Najua barua yangu ilikuwa bado njiani ulipovituma, kwa hiyo sikulaumu. Angalia tu kwenye vya wenzako.

Sasa nikwambie jambo ambalo nilikuwa nalifanyia mzaha peke yangu, mzaha ukaniishia.

Bi Mkubwa anapungua.

Sisemi anakonda. Kukonda nakujua, ndiko kunakonilisha. Mtu anakuja na suruali anasema kitambaa kimetanuka. Huyu aliniletea gauni la bluu nilibane kiunoni, nikalibana. Juzi kalileta tena. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, hapa nikibana zaidi mifuko miwili itakutana isalimiane." Hakucheka. Nilipompima mabega utepe ukanipa jibu la mtoto wa shule.

Na uso. Mashavu yameingia ndani, kidevu kimepanda kuelekea pua, kana kwamba mtu ameushika wote kwa kiganja akaukaza. Ni yeye. Kila kitu kipo. Nilikuwa namtazama mezani huku vile vikombe viko nyuma yake juu ya televisheni, nikaacha chakula.

Anaongea ameziba mdomo kwa mtandio, na sauti inatoka kama ya mtu aliye chumba cha tatu. Chakula hali. Ni uji tu, tena mwepesi, tena uliopoa. Nikimtajia hospitali ananijibu, "Hospitali nikafanye nini? Kwani nimekuomba jeneza?" Nikimsogelea anageuza kichwa.

Hili la mwisho nilitaka nisikuandikie, lakini barua yako imenitangulia. Asubuhi mlango wake unafungwa kwa ufunguo. Nami nikiwa na chai yangu ukumbini nasikia: kut. Kut-kut. Inanyamaza. Kisha yeye mwenyewe, polepole, kama mtoto anayefundishwa kusema: "Sasa. Sisi. Sisimizi." Halafu kut-kut tena, halafu anaguna kama aliyechomwa mwiba.

Nilimuuliza unaongea na nani. Akasema, "Na wewe, unanisikiliza kwa ada ya nani?"

Niandikie neno moja tu, kwamba kikombe kimo kwenye neti ya wenzako. Hata kama hakimo, andika.

Fundi

*

Tarehe 21, mwezi wa tano

Mama watoto,

Nimepata yako ya tarehe kumi na tatu. Kwa hiyo hakimo.

Ameanguka jikoni. Hakuumia. Nilimbeba mpaka kitandani. Sikuwahi kumbeba mama yangu maishani, na sikujua mtu anatakiwa awe na uzito gani, lakini robota la kitambaa cha sare za shule ni zito kuliko yeye. Njia nzima ameshika mtandio mdomoni kwa mikono miwili.

Daktari wa mtaa alikuja. Akamsikiliza moyo, akasema moyo mzuri, mapafu mazuri, ni njaa. "Ana chakula?" akaniuliza mimi, mbele ya majirani. Alipomwambia fungua mdomo, Bi Mkubwa akamwambia afungue kwanza mlango, atoke.

Kitindamimba ameniuliza, "Baba, Bibi atakuwa mdogo mpaka wapi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alikuwa anakitazama kikombe chake.

Wewe ni mtu wa sayansi, au angalau unakaa nao chumba kimoja. Utaniambia maji yanabana povu, hayabani mama wa mtu aliye nyumbani kwake. Naomba uniambie hivyo ukirudi. Kwa sasa kipandishe. Alisema mtu huenda chini mara moja tu, akanikataza kwa mdomo wake, nami nikamteremsha kwa kalamu isiyofutika ili tucheke.

Kipandishe kabla hajafika ukubwa ule.

Fundi

*

Tarehe 28, mwezi wa tano

Fundi,

Tumekipata. Kimo humu ndani ya pamba. Uso ni ule ule.

Mpe mkononi mwake. Mwambie amepanda.

Siandiki mengi, boti linanisubiri.

Mkeo

*

Tarehe 30, mwezi wa tano

Baba watoto,

Hii usimsomee Mama.

Nilikwenda kwanza kwa Profesa, kwa adabu. Nikamwambia kuna kikombe chetu kilimani, naomba Punda akiokote. Akashangaa. "Unataka tupoteze siku ya kazi kwa takataka moja?"

"Ina uso wa mama mkwe wangu."

"Basi amepata makazi mazuri," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kwa hiyo nikaenda kwa Kidole. Yeye hakucheka. Alisema tangu siku ile anapokaa kwenye kile kiti huwa anahisi anaangaliwa, na kwamba angefurahi mama huyo akienda kwao. Akataka ashonewe suti. Nimemwahidi kwa niaba yako, tafuta kitambaa cha kutosha, maana tumbo lake halibaniki.

Tarehe ishirini na saba, asubuhi, Profesa alipopanda kwa nahodha kuzungumzia hali ya hewa, tukampeleka Punda mgongoni. Wiki tatu tulikuwa hatukioni. Siku tuliyokwenda kukitafuta kilikuwa kitu cha kwanza kwenye taa, kana kwamba kimesogezwa mbele.

Kidogo, cheupe, wima kwenye ncha ya tawi. Vumbi jeupe linalonyesha huko chini mchana na usiku kama mvua lilikuwa linakiangukia taratibu. Tulipozunguka upande wa pili tukauona uso. Kilemba cheusi. Chini yake mashavu, na macho mawili. Fundi, moyoni nilikusifu, nilisema kumbe anajua kuchora. Kut, kut-kut, ikawa inagonga karibu sana.

Mkono wa Punda ukanyooka. Ulipobaki kidogo kufika, uso ulifumba macho.

Sisemi kivuli. Ulifumba macho. Kisha kilemba kikaanza kuingia ndani, kikafuatwa na mashavu, taratibu, kama mtu anayerudi chumbani kwake kinyumenyume, mpaka kikabaki kikombe kitupu cheupe. Kidole aliondoa kidole kwenye usukani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mama," akasema, "huyu amekataa."

Nami nilikuwa na barua yako mfukoni, ya robota la sare. Nikasema, "Mshike."

Akamshika. Kilipokatika tulisikia kut moja, kavu. Halafu hakuna. Kile kilichokuwa kinagonga siku zote kilinyamaza, na wale samaki wanaosimama wima wakageuka wote, polepole, wakatupa mgongo.

Kilipofika juu nilikitoa mwenyewe. Hakikuwa povu. Kilikuwa kizito na kigumu kama jiwe, na ndani yake mna nyama. Ni tumbawe, Fundi. Kumbe lipo tumbawe linaloishi peke yake, halina matawi wala ndugu, na umbo lake ni la kikombe. Kilemba kilikuwa mikono yake myembamba ya kukamatia chakula. Macho yalikuwa madoa.

Profesa akatukuta. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alichuchumaa kando ya ndoo akasema hakuna aliyewahi kuliona la namna hii kwenye kilima hiki, wala yeye, na huenda lilikuwa limekaa pale kabla nyanya wa nyanya yake hajazaliwa. Mle ndooni lilijaribu kufunguka mara moja. Kilemba kilitokeza, kikakutana na mwanga wa mchana. Likafunga, na halikufungua tena.

Baada ya hapo nikachukua kikombe kipya cha chai, nikamchora Mama kadiri ninavyomkumbuka, nikaandika jina lake, nikakishusha mchana huo huo na chupa za kuchotea maji. Ndicho ulichonacho. Cha kwako bado kiko chini, sijui wapi.

Nashushwa na boti litakalofuata lile litakalobeba barua hii. Kwenye safari nyingine sitaitwa, na ni haki yao. Niliyemuua hakuwa na ubaya na mtu.

Kama Mama ameshafika mahali pabaya, usiniandikie. Nitakuta mwenyewe.

Mkeo

*

Tarehe 3, mwezi wa sita

Mke wangu, mpandishaji wa watu,

Amekula!

Tulia nikusimulie. Kikombe chako nilimpelekea kwenye kisahani, kama dawa. Nikapiga magoti. Nikamweleza yote tangu kalamu mpaka kilima. Nililia, tena nililia juu ya suruali ya mteja niliyosahau kuiweka chini, imebidi nimwambie ni maji ya pasi.

Yeye akakishika, akakigeuza, akakitazama muda mrefu kuliko kitu kidogo vile kinavyostahili. "Hiki ndicho changu?" akauliza ndani ya mtandio.

"Ndicho, Bi Mkubwa. Umepanda."

Akanitazama mimi, akakitazama, mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Akaniwekea mkono kichwani. "Nyamaza, baba," akasema. "Nimeshapanda."

Kesho yake alitoka asubuhi na jirani, wamekokotana taratibu, hawakusema waendako. Mchana akarudi, akakaa mezani, akataka nyama. Nyama! Akatafuna kwa meno yote, sauti imerudi, na uso umefunguka kama nguo iliyoachiwa mshono. Gauni la bluu limeshanirudia nilipanue. Kule chumbani hakuna tena kinachogonga.

Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua. Ila kuanzia leo asiyeamini aje nimwonyeshe utepe.

Fundi wako,
aliyesamehewa

*

Tarehe 10, mwezi wa sita

Mwanangu,

Barua hii utaipata boti likija kukuchukua. Naandika kwa mkono wangu na jirani ndiye anayeipeleka, kwa sababu mumeo hana siri, ana cherehani tu.

Amenisomea ile uliyomwambia asinisomee. Alianza kwa kusimama, akamalizia amekaa sakafuni. Tangu hapo hana raha. Ananitazama nikila, kisha anatazama kile kikombe chako cha uongo, kisha ananitazama tena, anajaribu kujumlisha. Jana kaniuliza, "Bi Mkubwa, sasa kama kile hakikuwa chako, wewe umepandaje?" Nikamwambia kwa ngazi.

Kwanza, pole kwa kazi. Yule Profesa nitamwandikia. Sijui ataelewa nini, lakini ataelewa kwamba una mtu wa kukuandikia.

Pili, pole kwa yule kiumbe wa watu. Hilo limenikaa moyoni, nimeshindwa kulilalia. Amekaa pale peke yake miaka yote hiyo, hana deni na mtu, akaja kuvutwa kwa ajili yangu. Ukifika utanionyesha alivyokuwa, hata kwa kuchora. Ila umenizidishia meno kwenye ule mchoro wako, ndivyo nilivyojua upesi kwamba si mkono wa mwanangu. Yeye amenichora nimefunga mdomo.

Na nimejuaje alivyonichora? Hapo ndipo nilipokuwa nazunguka, na jirani anagonga, boti halisubiri.

Glasi yangu ilipoanguka usiku ule haikuanguka tupu. Vilivunjika vyote viwili, glasi na kilichokuwa ndani. Yale mapya niliyotengenezewa yalinikata fizi wiki tatu, nayajaribu chumbani kila asubuhi, siwezi kutafuna, siwezi kusema "sisimizi", na baada ya miaka yote mnayosifu sikuwa na uso wa kuwaambia. Siku ile niliyotoka na jirani, daktari aliyapiga msasa, sasa yananikaa.

Usiku ule ule wa glasi nilikuwa natafuta kitu laini cha kuwekea vile vipande mpaka nipate mengine. Nikaliona begi lako liko wazi, na ndani yake kikombe chenye sura yangu na jina langu, nikasema ahsante, wamenikumbuka, nikakichukua. Hakikushuka popote. Kiko juu ya kabati langu, na ndani yake mna meno ya bandia.

Mama yako,
Bi Mkubwa